Kilicho Chini ni cha Nani?

Kuna maswali ya haki yanayokuja yakijifanya maswali ya bei. Binamu yangu aliniandikia usiku mmoja: "Buda, mashine gani poa ya kutafuta mali iliyozikwa, na niko na elfu arobaini tu?" Mkataba wake wa kazi ulikuwa umeisha miezi mitatu kabla na haukuongezwa. Hiyo elfu arobaini ndiyo ilikuwa imebaki kwenye akiba yake. Alitaka na mimi nitie kidogo, halafu tugawane tutakachopata. Simcheki. Nani Nairobi hii hajawahi kuota kuomoka kwa siku moja? Nataka tu kuandika nilichofikiria tangu ujumbe ule, kwa sababu naona wengi wetu tuko na swali lake hata kama hatutafuti sarafu shambani.

Tuanze na bei, maana swali la bei lina heshima yake.

Mashine yenyewe unaijua. Ni ndugu ya kile kijiti ambacho askari wa mall hukupitishia kiunoni kabla hujaingia. Ndani ya kisahani chake cha chini kuna nyaya zilizozungushwa. Umeme ukipita humo, unazaa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikikuta metali, inaamsha umeme mdogo ndani ya metali yenyewe, na umeme huo nao unatoa sumaku yake ndogo. Mashine inasikia jibu hilo, na wewe unasikia mlio. Ni hayo tu. Haioni dhahabu. Inasikia kwamba kuna kitu kinachopitisha umeme, kisha inakisia ni cha aina gani. Pete ndogo ya dhahabu na kipande cha foili iliyofungia chakula cha mtu vinaweza kulia sawa kabisa.

Elfu arobaini inakupa mashine ya anayeanza kutoka kampuni inayojulikana, kama Garrett au Minelab, hasa ukipata iliyotumika. Mashine ya aina hiyo husikia sarafu ikiwa kina cha kama sentimita 20, pengine zaidi kidogo udongo ukiwa mzuri. Si futi kumi. Ni kama urefu wa kiganja chako pamoja na vidole.

Kwa bajeti hiyo angalia mambo manne. Kwanza, kama mashine inaweza kusawazishwa na udongo. Udongo wetu mwekundu una chembe za chuma, na mashine isiyoweza kuuzoea italia kila hatua mpaka uichukie. Pili, kisahani kisichoingia maji. Tatu, ukubwa wa kisahani chenyewe: kikubwa kinafika chini zaidi, lakini kinakosa vitu vidogo na kinachosha mkono. Nne, usimalize pesa yote kwa mashine. Weka ya vipokea sauti, ya sepeto ndogo, na ya nauli.

Ukitaka kwenda ufuoni, jua kwamba mchanga uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme, kwa hiyo mashine rahisi huchanganyikiwa. Zile zinazotumia masafa mengi kwa pamoja ndizo huvumilia, na bei yake iko juu. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, ila hawakuwa na habari za betri. Na ukitaka kusikia chembe za dhahabu kwenye udongo mgumu wa Migori, hapo unaingia bei za laki kadhaa.

Kuna kitu kimoja cha kutonunua hata ukipewa kwa mkopo: kijiti chenye antena ambacho muuzaji anaapa kinavuta dhahabu iliyo mita mia moja mbali. Hakuna sayansi ndani yake. Mwingereza mmoja, James McCormick, aliuza vijiti vya namna hiyo kwa jina la ADE 651, eti vinatambua mabomu. Asili yake ilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Iraq ilitumia mamilioni ya dola kuvinunua, na wanajeshi na polisi wakavitumia kwenye vizuizi vya barabarani, maisha ya watu yakitegemea antena isiyounganishwa na kitu. McCormick alifungwa miaka 10 mwaka 2013. Kijiti kile kilielekea popote mkono wa aliyekishika ulipotaka kwenda.

Hata mashine ya kweli inaweza kuugua ugonjwa huo. Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi katika kituo cha treni mjini Washington. Risasi moja ilibaki mwilini, na madaktari hawakujua iko wapi. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaleta kifaa alichokibuni haraka cha kusikia metali kwa umeme, mmoja wa mababu wa mashine tunazouziwa leo. Kilishindwa. Sababu moja ni kwamba kitanda kilikuwa na springi za chuma. Sababu nyingine ndiyo inanikaa akilini. Daktari mkuu, Willard Bliss, alikuwa ameshaamua kwamba risasi iko upande wa kulia, na akamruhusu Bell atafute upande huo tu. Ilikuwa kushoto. Garfield alikufa Septemba 19, baada ya wiki nyingi za vidole visivyooshwa kuingia kwenye kidonda.

Mashine ya Bell haikuwa ya uongo. Mwenye mgonjwa ndiye aliyekuwa na jibu kabla ya kutafuta.

Binamu yangu naye alikuwa na upande wake wa kulia. Shangazi yetu ana shamba si mbali na Taveta, na huko habari za mali ya Mjerumani utazisikia kabla ya chai kupoa. Hadithi ina mizizi ya kweli. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914 na wakakaa hadi Machi 1916, walipoondolewa baada ya mapigano ya Salaita na Latema-Reata. Ni kweli pia kwamba koloni lao lilitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, kwenye karakana ya reli kule Tabora. Wakusanyaji wa sarafu huilipia maelfu ya dola. Binamu alikuwa ameihifadhi picha yake kwenye simu.

Ila sarafu ile ilitengenezwa katikati ya mwaka 1916, Taveta ikiwa tayari mikononi mwa Waingereza. Aliyefukuzwa Machi hawezi kuzika sarafu ya miezi iliyofuata. Nilimwambia hivyo.

"Labda walirudi," akanijibu.

Kilicho chini ya udongo wa vita kwa kawaida ni kingine: maganda ya risasi, vifungo, makopo ya nyama, pengine bomu ambalo halikulipuka na halijui kwamba vita viliisha. Na watu. Vita vile vilibebwa kichwani na wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Soko la Kariokor limepata jina lake kutoka kikosi chao, Carrier Corps. Ukipita Kenyatta Avenue utawaona wanaume watatu wa shaba wanaowakumbuka askari na wapagazi wa vita hivyo, na chini yao watu wakisubiri matatu. Mlio wa mashine hausemi kama chini kuna rupia ya mtu au kifungo cha shati la babu ya mtu.

Tuseme basi imelia, umechimba, na ni mali kweli. Ni ya nani?

Uingereza wamelijibu swali hili kwa sheria na kwa pesa. Julai 2009, Terry Herbert, mtu asiye na kazi wakati huo, alipitisha mashine yake kwenye shamba la mkulima huko Staffordshire. Magazeti yaliripoti kwamba aliinunua mashine hiyo ikiwa imetumika, kwa pauni 2.50, shilingi mia nne na kitu za leo. Alikuwa na ruhusa ya mwenye shamba. Alipata hazina kubwa kuliko zote za dhahabu ya Waanglo-Saksoni zilizowahi kuonekana. Aliripoti. Sheria yao ya mwaka 1996 inasema hazina iripotiwe ndani ya siku 14, jopo huru likadirie bei, na jumba la makumbusho likiitaka lilipe bei hiyo. Jopo lilisema pauni milioni 3.285. Aliyepata na mwenye shamba wakagawana nusu kwa nusu.

Mwaka 2015, wanaume wawili wakapata hazina nyingine karibu na Leominster, sarafu na vito vya zaidi ya miaka elfu moja. Hawakuripoti. Waliuza kichinichini. Walifungwa mwaka 2019, na kati ya sarafu zilizokadiriwa kuwa kama 300, polisi walikuwa wamepata 31. Baadhi ya hizo chache zina picha ya wafalme wawili wakiwa washirika, na mmoja wao, Ceolwulf, alikuwa ameandikwa kama kibaraka asiye na maana. Yaani historia ya nchi ilikuwa ikisubiri ndani ya udongo imsafishe mtu jina, na sehemu kubwa ya ushahidi ikauzwa bila risiti.

Nilimtumia binamu habari zote mbili. Alisoma ile ya kwanza.

Sheria yetu haifanani na yao. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inaviita vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kuvichimba kunahitaji leseni. Ukikutana na kitu cha akiolojia, una siku saba za kuwaarifu Makavazi na kueleza ulikipata wapi na vipi. Madini nayo, kwa Ibara ya 62 ya Katiba, yameshikiliwa na serikali kuu kwa niaba ya wananchi, hata yakiwa chini ya migomba yako. Risasi ya mwaka 1916 imeangukia upande mwingine wa mstari wa 1895, isipokuwa mahali penyewe pawe pametangazwa kuwa kumbukumbu inayolindwa. Kwa hiyo kwa vitu vingi vya Taveta, sheria inasema kidogo, na kazi iliyobaki inaangukia dhamiri.

"Nikipeleka, nitapewa nini?" binamu akaniuliza. Sikuwa na jibu la shilingi.

Kisha akasema jambo ambalo limenisumbua kuliko yote: "Wewe una maadili kwa sababu una mshahara." Akaongeza kwamba serikali haijawahi kuokota kitu ikamrudishia mnyonge. Ana ushahidi. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ikiahidi kwamba ardhi ya Waafrika katika hifadhi zao ni yao, na ikichukuliwa watapewa nyingine badala yake. Dhahabu ikaonekana Kakamega. Mwaka 1932 sheria ikabadilishwa, ardhi ikaweza kuchukuliwa kwa fidia ya pesa tu bila kipande kingine. Ahadi ilidumu mpaka kitu cha thamani kilipotokea chini yake. Mtu anayeijua historia hiyo akikataa kukimbilia ofisini na sarafu, si mjinga.

Nimeligeuza neno lake mara nyingi. Naona lina nusu ya ukweli. Shida inapunguza lawama. Mwenye njaa akiuza alichokiokota, mimi si wa kwanza kumrushia jiwe, wala sitaki afungwe. Lakini shida haibadilishi jibu la swali. Kama kitu kilikuwa cha wengi kabla sijafilisika, kufilisika kwangu hakukifanyi kiwe changu. Kama ingekuwa hivyo, basi aliyefilisika zaidi yangu angekuwa na haki ya kunichukulia simu.

Kuna jambo jingine, na hili ni la hesabu wala si la mahubiri. Kitu kinachouzwa kwa siri huuzwa kwa bei ya siri. Broka anayekuja usiku anajua huwezi kupiga kelele, huwezi kuita mshindani wake, huwezi kwenda polisi akikulipa nusu. Kwa hiyo atakulipa robo. Atamuuzia wa Mombasa au Nairobi, naye atamuuzia wa nje, na kila kituo bei inapanda, mpaka kitu kinafika kwenye kabati ya mtu ambaye hajawahi kushika sepeto. Mimi na wewe tunadhani siri inamlinda maskini dhidi ya serikali. Mara nyingi siri ni punguzo la bei ambalo maskini anampa tajiri.

Hata hivyo, sidhani deni la anayeokota ni kwa serikali kwanza. Mwaka 2013, timu iliyoongozwa na Mkenya Chapurukha Kusimba na Mmarekani Sloan Williams ilitangaza kupata sarafu moja ya Kichina kisiwani Manda, ya enzi ya mfalme Yongle, mwanzoni mwa karne ya 15. Sarafu za mfalme huyo zilitengenezwa nyingi sana. Kama ni sarafu tu, si mali ya kumtoa mtu kwenye umaskini. Thamani yake ilikuwa mahali ilipolala. Kwa kuwa ilitolewa polepole, na watu wakaandika iko wapi, inasema kwamba Manda ilikuwa ndani ya biashara ya dunia makumi ya miaka kabla Vasco da Gama hajafika pwani hii. Ichomoe usiku kwa sepeto, iweke mfukoni, na unabaki na kipande cha metali chenye tundu la mraba. Umechukua kilicho rahisi na kuharibu kilicho ghali, tena hujui hata umeharibu. Wanaodaiwa hapo ni watoto wa Lamu na Taveta ambao wangeweza kusoma jambo lao wenyewe mahali fulani.

Ndiyo maana nadhani mtu anapaswa kuamua kabla ya kununua. Mashine ikishalia, tamaa ndiyo inayoshika usukani, na hoja zote utakazotoa baada ya hapo zitakuwa za upande wa kulia, kama za Daktari Bliss. Kabla ya mlio bado unaweza kufikiri.

Tulimpigia Shangazi simu, kwa sababu shamba ni lake na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Binamu alimweleza kwa upole, shikamoo mbili na salamu za watu wote. Shangazi alinyamaza, kisha akauliza:

"Mkichimba, mtafukia?"

"Tutafukia, Shangazi."

"Kwa sababu ng'ombe wangu akivunjika mguu, huyo Mjerumani wenu hatanilipa. Na mkikuta mtu?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelisema neno hilo kwa sauti. "Tukikuta mtu, tunaacha," nikasema. "Tunafunika, tunakuita, tunaita chifu."

"Basi kujeni," akasema. "Lakini muandike."

Tuliandika. Karatasi ina mistari minne. Tunachimba penye ruhusa ya Shangazi tu, na kila shimo linafukiwa siku hiyo hiyo. Tukipata kitu cha kuuzika kihalali, theluthi ni yake. Kitu chochote chenye umbo la bomu hakiguswi, na mfupa unasimamisha kazi. Kitu cha kale kinapigwa picha kikiwa kwenye shimo, mahali panaandikwa, na Makavazi wanaarifiwa ndani ya wiki. Binamu aliisoma mara mbili. "Hii sasa ni kazi," akasema, "si bahati." Akatia sahihi. Nikatia elfu kumi juu ya yake, na tukanunua iliyotumika, yenye uwezo wa kusawazishwa na udongo.

Tumeenda Taveta mara tatu. Hadi leo hesabu ni hii: misumari mingi, kitasa cha mlango, vizibo vya soda visivyohesabika, sarafu moja ya shilingi tano, maganda mawili ya risasi yaliyogeuka kijani, na jembe lisilo na mpini. Chuma chakavu chote hicho kwenye mizani ya muuzaji hakifiki bei ya nauli ya kwenda. Jembe Shangazi alilijua mara moja. Lilikuwa la marehemu mume wake. Hakusema mengi, alilisuuza, akaliweka ndani, na hakuna aliyemwuliza kama theluthi yetu iko wapi.

Maganda ya risasi yako dirishani kwake, kila moja na karatasi inayosema lilitoka wapi na kina gani. Mimi nataka tuwaandikie Makavazi. Binamu anasema hakuna mtu ofisini atakayejali maganda mawili, na ya kwamba karatasi yetu ilisema vitu vya kale, na haya ni ya baada ya 1895. Amekuwa mwanasheria siku hizi. Bado anatafuta kazi, elfu arobaini yake haijarudi, na sina uhakika itarudi. Lakini barua nimeshaiandika, na juzi aliniomba nimtumie nakala aisome kwanza, aone kama nimetaja jina lake vizuri.